REHMA KWA WANYAMA NA HAKI YA JIRANI

(Mawaidha yaliyotolewa baada ya sala ya Isha, Mitole, Kilwa)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetumwa kuwa rehma kwa walimwengu, pamoja na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani,

Nitaanza na jambo lililotokea katika mojawapo ya miji yetu hii ya Kilwa. Wahusika wameniridhia nilieleze bila kuwataja. Nyumba ni moja ya kupanga: vyumba sita, ukumbi mmoja, ua mmoja, choo kimoja. Katika chumba kimoja anakaa mama mmoja mjane, ambaye kila jioni huwatupia vichwa vya samaki paka wasio na mwenyewe. Paka wakazoea, wakaongezeka, wakazaa chini ya tenga la kuku. Jirani wa chumba cha pili ana watoto wadogo. Akawa anakuta kinyesi cha paka kwenye mchanga wanapochezea wanawe, na mara mbili mboga yake ikaliwa jikoni. Akamwambia yule mama. Akajibiwa kwamba kulisha kiumbe cha Mungu ni thawabu, na asiyetaka thawabu ahame.

Maneno yakakua. Mwisho jirani akatamka lililo baya kuliko yote: kwamba mwanamke mzima anayezungukwa na paka usiku hafugi paka bure. Mnajua alichokusudia. Siku chache baadaye sumu ya panya ikawekwa uani ndani ya dagaa. Wakafa paka wawili, na wakafa kuku wanne wa mpangaji wa tatu ambaye hakuwamo kabisa katika ugomvi. Tangu siku ile watu wale hawasalimiani, na wote ni wenye kusali. Nikaulizwa: Ustadh, nani mwenye haki?

Ndugu Waislamu, kila mmoja wao alishika kipande cha dini akakiacha kipande kingine.

Yule mama alishika kipande cha kweli. Mtume (S.A.W.) ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie (Bukhari na Muslim). Akatueleza pia habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Allah akamghufiria. Masahaba walipouliza kama tuna ujira hata kwa wanyama, Mtume (S.A.W.) akathibitisha kuwa upo ujira kwa kila chenye uhai (Bukhari na Muslim). Na sahaba Abu Qatada (R.A.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani (Abu Daud na Tirmidhi).

Lakini yule mama alisahau kwamba Jibril (A.S.) aliendelea kumuusia Mtume (S.A.W.) kuhusu jirani hata akadhani kuwa atamrithisha (Bukhari na Muslim). Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Allah ameamrisha wema kwa jirani wa karibu, jirani wa mbali, na kwa "as-sahib bil-janb", yaani mwenza wa ubavuni. Wafasiri wamelieleza neno hili kwa mwenza wa safari, na wengine wakamwingiza mtu unayekaa naye. Basi ni nani aliye ubavuni zaidi kuliko yule ambaye kati ya kitanda chako na chake ni ukuta mmoja wa udongo? Sadaka hutolewa katika mali ya mtoaji. Ukilisha paka kisha jirani yako akazoa kinyesi na akaliwa mboga yake, sehemu ya sadaka hiyo umeitoa katika mali yake bila idhini yake.

Na yule jirani naye alikuwa na haki. Kanuni ya sheria ni kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana, nayo imetokana na hadithi aliyoipokea Ibn Majah na wengineo. Alikuwa na haki madhara yaondolewe, ila aliyaondoa kwa madhara makubwa zaidi. Sumu haichagui. Iliua kuku wa asiyehusika, na ingeweza kumwua mwanawe mwenyewe, kwani mtoto anayechezea mchanga ndiye wa kwanza kuokota dagaa. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza ukatili kwa wanyama. Kuku wa watu ni dhamana, lazima walipwe.

Zito zaidi ni lile neno la uchawi. Ndugu zangu, kuitakidi kwamba paka anayelia usiku, au paka mweusi, ni mtu au ni ishara ya nuksi, ni itikadi isiyo na asili katika dini yetu. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, tumeamrishwa kujiepusha na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Katika nchi yetu hii wamepigwa na kuuawa vikongwe kwa maneno ya namna hiyo. Mwenye kulitamka akiwa na hasira hajui litakapofikia.

Sasa niseme kuhusu mbwa, maana hapa kwetu suala lao ni kubwa zaidi. Mtume (S.A.W.) ameruhusu mbwa wa mifugo, wa kuwindia na wa shamba, na sisi wakulima tunawahitaji kwa ajili ya nguruwe na nyani. Tatizo ni kwamba mavuno yakiisha, baadhi yetu huwaacha wazurure majalalani, kisha tunawalaumu. Chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, ya kwanza kwa udongo (Muslim). Hiyo ni hukumu ya chombo, haikutupa ruhusa ya kumpiga mawe mbwa aliyelala kivulini. Nakiri mbele yenu kuwa niliwahi kuwaona wanafunzi wangu wa madrasa wakifanya hivyo nikapita kimya. Namwomba Allah anisamehe.

Ama mbwa mshambuliaji, sheria imeruhusu auawe. Na kichaa cha mbwa ni hatari ya kweli. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje, wala asiende kwa mganga, kwa sababu dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Kinga yake ni kuwachanja mbwa. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya kusini mashariki, Lindi ikiwemo, ilifanyiwa kampeni za kuwachanja kwa wingi. Ndugu zetu wa Pemba kwa chanjo hizo waliutokomeza ugonjwa huu, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, ukatoweka tena. Basi mwenye mbwa wa shamba na amfikishe kwenye chanjo.

Kwa hiyo, kwa wanaokaa nyumba za pamoja, nausia haya:

1. Mwenye kulisha alishe mbali na milango na majiko ya wenzake, kwa kiasi, azoe mabaki na uchafu kwa mkono wake.

2. Mwenye kudhurika amwendee mwenzake kwa faragha na kauli laini, kabla ya kwenda kwa mwenye nyumba au mwenyekiti wa kijiji.

3. Wakishindwana, wapangaji wakae washauriane, na wazee wasuluhishe. Wakiafikiana paka wahamishiwe penye ghala la mahindi na ufuta, huko wana kazi ya panya.

4. Sumu isiwekwe kabisa, na neno la uchawi lisitamkwe kabisa.

5. Tuwafundishe watoto wetu upole kwa wanyama kabla hawajajifunza mawe.

Katika ile nyumba, kuku wamelipwa, na yule mama sasa hulisha nyuma ya ua na kufagia. Salamu ndiyo haijarudi. Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na akabainisha kuwa mbora wao ni anayeanza kwa salamu (Bukhari na Muslim). Ametujulisha pia kuwa kila Jumatatu na Alkhamisi husamehewa waja, ila wawili wenye uhasama husubirishwa mpaka wapatane (Muslim). Ni Jumatatu ngapi zimeshapita tangu wafe wale paka?

Ewe Mola wetu, tupe nyoyo zenye huruma kwa viumbe vyako, utuepushe na kuwaudhi majirani zetu, na uzipatanishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.