Kamera ya Bei Nafuu kwa Mpenda Picha: Mazungumzo kuhusu Satwa, Dubai

 Tunazungumzia jambo ambalo wengi huliona kuwa burudani ya siku ya mapumziko, lakini ambalo likifanywa bila hesabu humeza akiba iliyokusudiwa kutumwa nyumbani. Jambo lenyewe ni ununuzi wa kamera na lenzi kwa mtu asiyefanya kazi ya picha, bali anayeipenda picha tu.

Mazungumzo haya tunayaweka Satwa, mjini Dubai. Msikilizaji aliyeko Ghuba anaufahamu mtaa huo. Uko kati ya Jumeirah iliyoelekea bahari na barabara kuu ya Sheikh Zayed yenye majumba marefu, lakini wenyewe haukufanana na majirani zake. Ni mtaa wa maduka ya vitambaa na mafundi cherehani, vinyozi, wauza mimea, na mafundi wa kushona viti vya magari. Ni mtaa wa mikahawa ya Kipakistani, ya Kiarabu na ya Kifilipino. Ipo pia barabara ya Desemba Pili, ambayo wakaazi wa zamani wangali wakiiita Al Diyafah. Kwa miaka mingi watu wa kipato cha wastani na cha chini, kutoka Asia na Afrika, wamepata hapo makao yaliyo karibu na kazi zao.

Mwaka 2008 mtaa huu nusura utoweke. Nyumba nyingi za zamani ziliamriwa kuhamwa na kubomolewa ili kupisha mradi uliotangazwa mwezi Oktoba mwaka huo kwa jina la Jumeirah Garden City. Msukosuko wa fedha duniani ukausimamisha mradi kabla ya kukamilika. Baadhi ya nyumba zilikuwa zimekwisha kuvunjwa, nyingine zikasalimika, na miaka ya baadaye majengo mapya yakaota katika viwanja vilivyoachwa wazi. Ndiyo maana picha ya kawaida kabisa ya Satwa, ya mlango wa duka au ya fundi aliyeinamia cherehani, ina thamani ambayo mpigaji wake huenda asiitambue siku anapoipiga. Na picha hiyo haidai kamera ya maelfu ya dirhamu.

Basi inadai nini? Tuanze na mgawanyo wa fedha.

Tuseme mtu ameweka akiba ya dirhamu 1,500. Desturi ya wengi ni kuipeleka fedha yote kwenye mwili wa kamera, yaani bodi, na kuridhika na lenzi yoyote itakayokuja nayo ndani ya kisanduku. Hesabu hiyo imepinduka. Bodi ni chombo cha elektroniki, na bei yake huporomoka kila toleo jipya linapotoka. Lenzi nzuri ni kioo na chuma, hudumu miongo kadhaa. Lenzi za Canon za aina ya EF, zilizoanza kuuzwa mwaka 1987, zingali zikifanya kazi katika kamera zote za kioo za kampuni hiyo za mfumo wa EOS, na kwa kutumia kiunganishi hufanya kazi hata katika kamera zake mpya zisizo na kioo. Nikon nayo imeutumia mlango wake wa lenzi uitwao F tangu mwaka 1959. Kwa hiyo anayenunua lenzi anaweka akiba, na anayenunua bodi ya kisasa kabisa analipia upya wake.

Mgawanyo wa busara ni kutumia nusu ya fedha, au pungufu ya hapo, kwa bodi iliyokwisha kutumika, na iliyobaki kwa lenzi moja iliyochaguliwa vyema.

Katika upande wa bodi, zama hizi zimemfadhili mwenye mfuko mwepesi. Watengenezaji wakubwa wamegeukia kamera zisizo na kioo, na wapiga picha wengi wameziuza zile za kioo walizokuwa nazo. Kamera kama Nikon D90 ya mwaka 2008 au D7000 ya mwaka 2010, ambazo wakati wake zilikuwa za watu wenye uwezo, leo hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei yake ya awali. Je, hazijapitwa na wakati? Tupige hesabu. D90 hutoa picha ya megapikseli 12, yenye vitone 4,288 kwa 2,848. Ukiichapisha kwa vitone 300 katika kila inchi, unapata picha ya sentimita 36 kwa 24, iliyo kubwa kuliko picha nyingi zinazotundikwa ukutani majumbani mwetu. Upungufu wa kamera hizo huonekana zaidi gizani na katika video. Mwenye kutaka video nzuri ana sababu ya kutafuta bodi mpya zaidi. Kwa picha za kawaida, sababu hiyo haipo.

Liko hata hivyo shimo moja la kuepuka. Bodi za bei ya chini za Nikon, zikiwemo zote za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota ya kusukuma lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D. Lenzi hizo zitaingia na zitapiga, lakini utalazimika kulenga kwa mkono. Mwenye bodi ya namna hiyo hana budi kutafuta lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P, na ahakikishe kuwa bodi yake inakubali hizo za AF-P, kwani baadhi ya bodi za zamani hazizikubali. D90 na D7000 zina mota hiyo ndani yake, na hivyo kumfungulia mwenyewe hazina ya lenzi za zamani za bei ya chini.

Sasa tuingie kwenye lenzi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera kwa kawaida ni ile ya kuvuta, ya milimita 18 hadi 55. Si lenzi mbaya, na mchana inatosha kabisa. Lakini Satwa huchangamka usiku, jua likishatua na joto likipungua. Ukiivuta lenzi hiyo hadi mwisho, tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi isiyovuta ya milimita 50 hufunguka hadi f/1.8, na tofauti hiyo ni ya mwanga zaidi ya mara tisa. Maana yake ni kwamba mahali ambapo lenzi ya kwanza ingelazimisha kilango cha kamera kibaki wazi kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na picha ikatoka imetikisika, ya pili ingehitaji takriban sehemu ya mia moja tu. Hapo fundi aliye chini ya taa ya dukani ataonekana hata nyuzi za sindano yake.

Na bei? Canon ya milimita 50 f/1.8 iliyotoka mwaka 2015 ilitangazwa kwa dola 125, sawa na dirhamu 460 hivi, kwa kuwa dirhamu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.67. Nikon ya milimita 35 f/1.8 ya mwaka 2009 ilitangazwa kwa dola 200 hivi, yaani dirhamu 730 na kitu. Hizo zilikuwa bei za lenzi mpya. Zilizotumika hupatikana kwa pungufu ya hapo.

Kati ya milimita 35 na 50, ipi ichaguliwe? Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo kuliko filamu ya zamani, hivyo hulikata tukio na kulisogeza karibu kwa mara 1.5, au 1.6 kwa Canon. Milimita 50 katika kamera hizo huwa kama 75 au 80, nzuri kwa sura ya mtu, lakini yenye kubana ndani ya duka dogo. Milimita 35 huwa kama 52, karibu na jinsi tulivyozoea kuuona ulimwengu. Ili kumpiga mtu kuanzia kiunoni kwa lenzi ya 35, unasimama mita moja na nusu kutoka kwake. Kwa ile ya 50 unahitaji mita mbili na zaidi. Anayeishi katika vichochoro na maduka membamba atafaidika zaidi na ile ya 35.

Umbali huo, mpenzi msikilizaji, una uzito mwingine ambao wauzaji hawautaji. Wapo wanaoanza kwa kununua lenzi ndefu ya milimita 300, wakidhani ndiyo kamera ya kweli. Kwa lenzi hiyo mtu yule yule utampiga ukiwa zaidi ya mita 12, bila yeye kujua. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu huo ni mlango wa matatizo. Sheria ya Shirikisho nambari 34 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Januari mwaka 2022, inakataza katika kifungu chake cha 44 kuingilia faragha ya mtu kwa kumpiga picha pasipo idhini yake, hata kama ni mahali pa hadhara. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini ya kati ya dirhamu 150,000 na 500,000, au vyote viwili. Kwa mfanyakazi mgeni faini hiyo ni mshahara wa miaka mingi, na kesi yenyewe yaweza kumkatizia riziki aliyoifuata ng'ambo. Vivyo hivyo majengo ya kijeshi na kasri za watawala si pa kuelekezea kamera.

Lenzi fupi humlazimisha mpigaji kusogea, kutoa salamu, kujitambulisha na kuomba ruhusa. Akikubaliwa, hupata picha yenye uso uliotulia. Akikataliwa, hushukuru akaenda zake. Adabu hiyo hailipiwi dukani, na katika Satwa ina thamani kuliko milimita 300.

Tuje kwenye ununuzi wenyewe. Kutoka Satwa, mnunuzi huelekea Bur Dubai, katika mtaa wa Al Fahidi uliojulikana tangu zamani kwa maduka ya kamera na vyombo vya elektroniki, au huvuka hori kwa abra hadi Deira. Wengine huwatafuta wauzaji binafsi wanaotangaza kwenye intaneti. Kwa kamera mpya, uliza kama dhamana yake inaheshimiwa humo nchini au ni ya nchi nyingine, maana bei ya chini mno huwa na sababu. Mgeni anayerejea Afrika Mashariki, asiye mkaazi wa Dubai, akumbuke kuwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza mwaka 2018, inaweza kurejeshwa kwa sehemu kubwa pale uwanja wa ndege, mradi alinunua katika duka lililosajiliwa kwa mpango huo na kwa kiasi kisichopungua dirhamu 250. Chaja ya huko, yenye pini tatu za bapa, huingia bila taabu katika soketi za Kenya, Uganda na Tanzania.

Kwa kamera iliyotumika, usitoe fedha kabla ya kukagua mambo manne. Kwanza, uliza idadi ya picha ilizokwisha kupiga. Kilango cha D7000 kilijaribiwa kwa mipigo 150,000, na cha kamera nyingi ndogo kwa 100,000. Pili, mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma, utafute nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, na lenzi yenye kuvu iache hapo hapo. Tatu, piga ukuta mweupe kwa tundu dogo la f/16, na madoa meusi yatakuonyesha vumbi lililokaa juu ya kihisi. Nne, lenga kitu cha karibu kisha cha mbali, mara kadhaa, usikilize kama mota inakwama.

Kuvu huletwa na unyevu, nao haukosekani Dubai, Mombasa wala Zanzibar. Ukitoka katika chumba chenye kiyoyozi kuingia nje penye joto la pwani, lenzi hufunikwa na umande papo hapo. Dawa yake ni kuiacha kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa muda wa nusu saa hivi, ipate joto polepole. Nyumbani usiihifadhi katika mkoba wa ngozi ndani ya kabati. Iweke katika chombo cha plastiki kinachofunga barabara, pamoja na vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu.

Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia, alianza utotoni na Box Brownie, kisanduku chenye lenzi moja tu isiyobadilishwa. Hakungoja chombo kikamilike ndipo aanze kutazama. Aliye Satwa leo na bodi ya mtumba na lenzi moja ya milimita 35 ana chombo kilicho bora mara nyingi kuliko kile, na mbele yake una mtaa ambao haujulikani utafanana vipi baada ya miaka kumi.