Kasoro ya Kisu na Kasoro ya Ndugu



Ndugu wasikilizaji wapendwa, katika Injili ya Dominika hii ya 8 ya Mwaka C, Bwana wetu anatuonyesha mtu wa kuchekesha na wa kusikitisha pia: ana boriti jichoni mwake, naye anajitolea kuondoa kibanzi katika jicho la ndugu yake. Leo tunaomba kulitafakari fundisho hilo tukisaidiwa na chombo kidogo kilicho hapa mezani petu, yaani kisu cha kukunja.

Kisu hiki tulizawadiwa na padre mgeni, mzaliwa wa Sheffield, Uingereza, katika jubilei yetu ya miaka 25 ya upadre. Mji huo umesifika kwa visu tangu Zama za Kati. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda chama cha mafundi wa visu wa eneo hilo, ili kisimamie ubora wa kazi na alama ambazo mafundi hupiga juu ya chuma. Kwa alama yake fundi alijifunga: kazi ikiwa mbovu, ilijulikana imetoka mkononi mwa nani.

Kisu cha namna hii ya kizamani hakina kufuli. Bapa lake hushikwa na springi iliyolala mgongoni mwa mpini, na pande mbili za mpini ni mfupa au pembe, zikiwa zimekazwa kwa ribiti. Kazi yake nyingi ni ya mkono na ya jicho. Marehemu Stan Shaw wa Sheffield, aliyefariki mwaka 2021, alivitengeneza visu hivyo kwa zaidi ya miaka 70. Na kwa kuwa mfupa mmoja haufanani na mwingine, wala mkono wa mwanadamu si mashine, visu viwili vya mkono havilingani kabisa. Wahenga walisema: kizuri hakikosi ila.

Sisi, badala ya kushukuru, tulikiinua kisu chetu mbele ya dirisha, tukatafuta ila. Tukaona uzi mwembamba wa mwanga kati ya springi na bati la ndani. Tukaona mfupa wa upande mmoja umekoza rangi kuliko wa pili. Tukaona bapa, likifungwa, haliketi katikati barabara. Basi tukawaandikia mafundi barua ndefu, tukiwakumbusha hati yao ya dhamana.

Juma hilohilo tulitia sahihi barua nyingine. Hiyo ilimwondoa kazini katekista wa kigango kimoja, kwa sababu alisoma masomo ya Misa kwa kusitasita, na daftari lake la mahudhurio lilijaa mafuto.

Jibu la mafundi lilifika baada ya miezi miwili. Hawakubishana nasi. Walituuliza maswali matatu tu. Kwanza, bapa likiwa wazi, je, linacheza mkilisukuma kushoto na kulia? Pili, springi inalishika kwa nguvu, au bapa laweza kuwafungia vidole? Tatu, kisu kikifungwa, ncha imezama ndani ya mpini, au inachomoza?

Tukakichunguza upya. Bapa halikucheza. Springi ilishika imara. Lakini ncha, ndugu zangu, ilichomoza kiasi cha unene wa ukucha! Ndipo tulipoelewa kwa nini mfuko wa kanzu yetu ulikuwa umetoboka, nasi tulikuwa tumekwisha kumlaumu fundi cherehani. Tulihesabu kasoro tatu zisizodhuru, na ile moja yenye kudhuru tulitembea nayo mfukoni.

Kisu kikarudishwa kwao. Gharama ya posta ilikuwa yetu, matengenezo yalikuwa bure. Waliipiga tupa kidogo ile nundu iliyo kwenye shina la bapa, nayo ncha ikashuka mahali pake. Walieleza kwamba kazi hiyo yahitaji kiasi: ukiipunguza nundu kupita kadiri, makali yatagonga springi kila unapofunga, na kisu kitakuwa butu. Ule uzi wa mwanga na rangi ya mfupa waliviacha kama vilivyo, kwa maana havizuii kisu kukata.

Tukamkumbuka katekista wetu. Tukajiuliza juu yake maswali yaleyale. Je, aliyumba? La, miaka 14 hakuacha kigango. Je, alishika wakati wa uzito? Naam, mvua zilipokata njia, yeye ndiye aliyewaongoza waamini katika sala na kuwazika wafu wao. Je, alimchoma mtu? Hatukumpata hata mmoja. Iliyochoma ilikuwa kalamu yetu.

Tulikwenda kwake tukiwa na kanzu yenye kiraka. Alitukaribisha, akatupa kiti, akasikiliza mpaka tulipomaliza kuomba radhi. Kisha akasema: “Baba Padre, kusoma nitajifunza. Lakini watoto wa ubatizo wamekaa miezi miwili bila mafundisho.” Hakuongeza neno. Miezi ile hakuna dhamana iwezayo kuirudisha.

Wapendwa, msidhani tunafundisha kufumbia macho uovu. Kisu ambacho springi yake imelegea hakiachwi mikononi mwa watoto kwa sababu mpini wake unapendeza. Kadhalika mtu anayeiba sadaka au anayewadhuru wadogo lazima azuiwe, hata kama anasoma kwa sauti ya kuvutia. Tunachowasihi ni hiki: kabla ya kumhukumu ndugu, pambanueni ila ya sura na ila ya kazi. Ya kwanza ivumilieni. Ya pili itengenezeni kwa kiasi, msije mkaharibu makali mnapotafuta kunyoosha ncha. Na kwanza kabisa, kila mmoja apapase mfuko wake mwenyewe.

Tena iko tofauti moja yenye faraja. Kwa kawaida dhamana ya mafundi hufunika kosa la utengenezaji tu. Ukikitumia kisu kufungulia skrubu kikavunjika, au ukijaribu kung’oa ribiti mwenyewe, hasara ni yako. Bali Muumba wetu huwapokea hata wale waliojivunja kwa mikono yao wenyewe, wakirudi kwake. Alama yake, tuliyotiwa siku ya ubatizo, haifutiki.

Juma hili, basi, kama kuna barua mliyokwisha kuiandika moyoni dhidi ya mtu, isomeni tena kabla ya kuipeleka.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.