Wakwe na Daftari la Ukoo

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Birmingham)



Nimepewa dakika kumi na tano, nami kwa mazoea ya mtu aliyekaa maofisini umri wake wote, nitajitahidi nisizipite. Hoja iliyo mbele yetu ni kama majina ya wakwe zetu yaandikwe katika daftari la ukoo au yasiandikwe. Wapo wanaosema kwamba daftari ni la nasaba, na mkwe si nasaba. Mimi nasema yaandikwe. Sababu zangu nilizipata katika siku nne nilizokaa katika mji mdogo wa Newport, Shropshire, wakati wa Krismasi ya mwaka 2010. Kwa idhini yenu nitaanza na siku hizo.

Ndugu zetu walioko Marekani hutusimulia kila mwaka juu ya Sikukuu yao ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na namna wanavyoalikwa na wakwe zao kula bata mzinga. Wa Kanada huifanya mapema zaidi, Jumatatu ya pili ya Oktoba. Uingereza haina sikukuu hiyo. Hapa bata mzinga huliwa Krismasi, na siku hiyo ndiyo Mwingereza humtaka mwanawe arudi nyumbani. Asiporudi, jambo hilo huhesabiwa.

Kifungua mimba wangu, niliyemleta nchi hii mwaka 1992 akiwa na miaka tisa, aliolewa mwaka 2008 na kijana wa Kiingereza aliyesilimu. Wengi wenu mlihudhuria nikaha hiyo hapa Birmingham. Mtakumbuka kwamba upande wa bwana harusi walikuja marafiki zake wawili tu. Wazazi wake hawakuja. Katika ukoo ilisemwa kwamba ni kibri cha Kizungu, na wengine wakasema ni chuki ya dini. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na ushahidi wowote wa kuaminika.

Miaka miwili ikapita bila ya kuonana. Kisha binti yangu akachukua mimba, na mwezi wa Novemba 2010 Bibi Mkwe akapiga simu mwenyewe, akatualika mimi na mke wangu. Palikuwa na wazee wetu walioona si vyema Mwislamu kukaa katika nyumba ya watu katika sikukuu isiyokuwa yake. Niliwajibu kwa adabu kwamba mimi siendi kwenye sikukuu, naenda kwa wakwe zangu.

Tarehe 24 Desemba iliangukia Ijumaa. Niliswali katika Msikiti Mkuu wa Birmingham, Belgrave Middleway, kisha tukakimbilia kituo cha New Street, maana siku ya Krismasi treni hazitembei kabisa nchi nzima. Hata hivyo treni haifiki Newport. Reli ya abiria ya mji ule ilifungwa tangu mwaka 1964. Tulishukia Stafford, na mkwe wangu kijana akatupokea kwa gari kwa safari ya maili 13 hivi.

Enyi mnaokaa Muscat na Unguja, sijui niielezeje baridi ile. Desemba ya mwaka ule ilikuwa ya baridi kuliko Desemba zote za Uingereza kwa zaidi ya miaka 100. Theluji iliyoanguka wiki moja kabla ilikuwa bado imelala mashambani, ngumu kama saruji, na ua wa kila shamba ulikuwa mweupe. Gari la halmashauri lilitutangulia likimwaga chumvi ya mawe barabarani ili kuyeyusha barafu. Mke wangu alilitazama kwa muda, akasema, "Baba watoto, chumvi yote hii, na hapana hata samaki mmoja." Jua lilikwisha kuzama kabla ya saa kumi jioni.

Newport ni mji wa barabara kuu moja pana, na kanisa la Mtakatifu Nicholas limesimama katikati yake, barabara ikalipita huku na huku. Mzee Mkwe alitupokea mlangoni. Jambo la kwanza aliloniambia, baada ya kunipa mkono, ni kwamba hapo karibu, katika kijiji cha Edgmond, ndipo ilipopimwa baridi kali kuliko zote katika Uingereza, nyuzi 26.1 chini ya sifuri, tarehe 10 Januari 1982. Aliisema kwa fahari, kama vile mtu wa Pemba angesema juu ya karafuu zake. Baada ya hapo hakusema mengi.

Sisi tulikuwa tumechukua bata mzinga wa halali, tuliyemnunua kwa mchinjaji wa Sparkbrook, na njia nzima mke wangu alikuwa na wasiwasi juu ya namna ya kumkabidhi bila ya kumvunjia heshima mwenye nyumba. Bibi Mkwe akafungua kabati la jikoni, akatoa sinia la kuokea ambalo kibandiko cha bei kilikuwa bado hakijabanduliwa, na kisu kipya. Alikwisha kumwuliza binti yetu kila kitu kwa simu. Bata wake aliwekewa majirani, na pudini ya Krismasi, ambayo kwa desturi hutiwa pombe kali na kuwashwa moto, aliipika kwa maji ya machungwa.

Siku ya pili nilikuwa jikoni nikimenya viazi (naam, nilimenya viazi), nikamwona akichukua kitunguu kizima na kukichomeka karafuu, moja moja, kama misumari. Hutengeneza kwacho mchuzi mzito wa maziwa na mkate. Nikaichukua karafuu moja, nikaibonyeza kwa ukucha kuona kama mafuta yatatoka, nikainusa. Akaniuliza nafanya nini. Basi nikamweleza mambo niliyoyaona utotoni na niliyoyafanyia kazi ujanani: jinsi wachumaji wanavyopanda mkarafuu na kuyavuta matawi kwa kamba, jinsi karafuu zinavyochambuliwa usiku kutoka katika makonyo, na jinsi zinavyoanikwa majamvini kwa siku kadhaa, mvua ikitishia watu wote mbio kuzianua. Aliacha kupika, akakaa kitini. Alisema ametia karafuu katika kitunguu kila Krismasi tangu alipokuwa msichana, na hakupata hata siku moja kujiuliza nani alizichuma. Sikumwambia kwamba zote ni zetu. Madagascar na Indonesia nao hulima. Lakini tangu saa ile tukawa watu wa kuzungumza.

Mzee Mkwe ndiye aliyebaki kimya. Aliomba dua yao kabla ya chakula, kisha akaniashiria niombe yetu. Saa tisa alasiri tulikaa sote kumsikiliza marehemu Malkia Elizabeth katika televisheni, kama ilivyokuwa ada. Tarehe 26 njia zilikuwa barafu tupu, na treni karibu zote zilikuwa zimesimama. Usiku ule wanawake walikwisha kulala, tukabaki wawili mbele ya moto. Akasema ghafla, kwa Kiswahili, "Lete kuni."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea: "Upesi. Ngoja. Maji moto. Funga mlango." Alijua maneno kama ishirini, na yote yalikuwa ya amri.

Bibi Mkwe yumo humu ukumbini leo, na amenipa ruhusa ya kuyasema haya. Mzee Mkwe alipelekwa Kenya mwaka 1954, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa jeshini kwa lazima, wakati wa ile hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Alilinda lango la kambi. Akina mama walikuwa wakija langoni kuwauliza waume zao na watoto wao, naye kwa lugha yoyote ambayo wangeielewa hakuwa na neno la kuwajibu isipokuwa moja: ngoja. Waliporudi kesho yake aliwaambia tena ngoja. Hakunieleza zaidi ya hapo, na mimi sikumchimba. Alisema kwamba alipopata kadi ya nikaha na kujua kwamba ukumbi mzima utakuwa ukisema Kiswahili, hakuweza kuja.

Kisha akaniuliza, mwanamume wa miaka sabini na mitano, Kiswahili cha "please" ni nini. Nikamwambia ni tafadhali. Akalirudia mara nyingi. Herufi ya dh ilimkubali upesi, maana Waingereza wanayo. Asubuhi ya tarehe 27, theluji ikianza kulainika, alisimama mlangoni akamwambia mke wangu, "Tafadhali, karibu tena."

Mjukuu wetu alizaliwa Machi 2011. Kutoka siku ile mpaka Mzee alipofariki mwaka 2016 tulikwenda Newport kila mwaka, nao walikuja kwetu kila Idi. Maziko yake yalihudhuriwa na watu wanne tu wa ukoo wetu, si kwa ubaya, bali kwa sababu wengine hawakuwa na habari. Taarifa za misiba hutumwa kwa kufuata daftari, na yeye hakuwamo. Mjukuu wetu, mwenye damu yake, aliambiwa pole na watu wanne.

Ndugu zangu, wale wanaoogopa kwamba kumwandika mkwe ni kuchanganya nasaba, wazo lao nalistahi. Lakini kuandikwa si kurithi. Mirathi ina sheria zake na hakuna anayezigusa. Wale wanaoegemea dini naomba wafungue Sura ya Al-Furqan, aya ya 54, waone kwamba nasaba na ukwe vimetajwa pamoja. Ama kuhusu hoja kwamba ndoa huvunjika na jina likabaki, basi Katibu ana kalamu, na penye talaka pataandikwa talaka. Katika ofisi tulizofanyia kazi, jalada halikuchomwa moto kwa sababu mtu amehamishwa.

Kamati imeongeza safu ya wakwe katika fomu mpya, upande wa kulia. Inataka jina, mji, na mtu wa kupewa habari. Fomu yangu nimekwisha kuijaza, iko mezani kwa Katibu pamoja na zilizo tupu. Kura itapigwa baada ya chai.