Chumba cha Kima na Papa



Mtoto wetu wa miaka mitano aliogopa kulala peke yake, lakini aliipenda mno hadithi ya Kima na Papa, iliyomo katika kitabu cha hadithi za Unguja alichokitoa Edward Steere huko London mwaka 1870. Basi tukapaka ukuta chokaa, tukachora mkuyu kwa masizi na udongo mwekundu, na Papa chini yake, mwenye meno makubwa. Usiku ule mtoto akalia. Asubuhi tukampa kipande cha makaa. Akamchora Kima juu kabisa, meno yasipofika. Akalala.

Wazazi wenzetu, mpambapo chumba cha mtoto, mwachieni mahali pa mkono wake mwenyewe. Kwaherini.