MANENO YA TAWI KUHUSU MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA ZA UMEME NA MAJI

_(Yamesomwa na Katibu kwenye mkutano wa tawi. Tunayatuma hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika, hasa walio safarini kati ya Kibondo na Kasulu.)_



Tumewaita kwa jambo moja. Kuna maneno yanazunguka kwenye simu kwamba kesi ya umeme imeshinda, kila mwenye mita ya LUKU atalipwa fidia, na anayetaka kuandikishwa atume namba ya mita, namba ya kitambulisho na "ada ya fomu". Wapo wanachama waliotuuliza kama fomu hizo ziko ofisini kwetu. Jibu la Kamati ni hili: hazipo, tawi halijamtuma mtu yeyote, na msitume hata shilingi moja.

Maneno haya yana mahali yalipoanzia. Kesi ya namna hiyo ilikuwepo kweli, lakini ni ya jirani zetu wa Kenya. Januari 2018 wakili Apollo Mboya alikwenda Mahakama Kuu Nairobi kuishitaki Kenya Power kwa niaba ya watumiaji. Madai yalihusu bili za nyuma, zaidi ya shilingi bilioni 10 za Kenya, ambazo wateja walikuwa wanabebeshwa. Mahakama ilizuia kwa muda utozaji huo, na Oktoba mwaka huohuo pande mbili zikapatana nje ya mahakama, kampuni ikakubali kuacha kudai bili hizo. Ulikuwa ushindi mkubwa wa wananchi. Lakini mapatano yale yanawahusu wateja wa Kenya Power. Mwenye mita Kibondo au Kasulu hana fungu ndani yake.

Je, kwetu watu wengi wanaweza kushitaki pamoja? Sheria inaruhusu. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 1, Kanuni ya 8, inaruhusu wachache kuwawakilisha wengi wenye madai yanayofanana, mradi mahakama itoe kibali kwanza na wanaowakilishwa wapewe taarifa. Ila kwa bili ya umeme na maji ipo njia fupi zaidi, na ndiyo tunayowashauri. Kila mtu adai kwa mita yake, kwa ushahidi wake.

*KWANZA: JUA UNACHOKATWA*

Stakabadhi nyingi tulizoletewa ofisini hazikuwa na kosa. Mtu alikuwa hajaelezwa makato. Tuhesabu pamoja.

Mteja wa kawaida wa nyumbani na biashara ndogo, kundi la T1, bei ya uniti ni shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Jumla inakuwa kama shilingi 356 kwa uniti. Mteja mdogo wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, bei yake ni shilingi 100, na ukiongeza makato inakuwa 122.

Kwa hiyo shilingi 5,000 inampa mteja wa D1 kama uniti 41, na mteja wa T1 uniti 14. Bibi anayewasha taa tatu na redio akiwekwa T1 anapoteza uniti 27 kwa kila 5,000. Hapo ndipo penye dai la kweli. Kama matumizi yako ni madogo kila mwezi na uko T1, nenda ofisi ya TANESCO uombe wakague matumizi yako na kundi lako. Lakini mwenye kuzidi uniti 75 asilalamike akihamishwa. Huo ndio utaratibu.

Kisha ipo kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Usiponunua umeme miezi mitatu, ukinunua utakatwa 4,500 kwa mkupuo. Hiyo inashtua, ila si wizi. Mahali pa kudai ni hapa:

• Nyumba moja ina mita mbili au tatu, na kila mita inakatwa kodi ya jengo lilelile.
• Mwenye nyumba ana miaka 60 na zaidi, au ana ulemavu, na anaishi kwenye nyumba hiyo. Sheria inampa msamaha, lakini hauji wenyewe. Lazima auombe kwa barua na vielelezo.
• Mpangaji ndiye anayekatwa. Kodi ni ya mwenye nyumba. Mpangaji atunze stakabadhi, wakae chini wapunguziane kwenye pango.

*PILI: PIMA KABLA YA KULALAMIKA*

Anayesema mita yake inakula umeme afanye hivi. Zima vifaa vyote, andika namba ya uniti, subiri saa moja. Kama uniti zinapungua, zima na swichi kuu, subiri tena. Zikiendelea kupungua swichi kuu ikiwa imezimwa, mita ina walakini. Zikisimama, tatizo liko kwenye nyaya za nyumba yako, au kuna mtu amejiunga kwako. Mwite fundi mwenye leseni. Na aliyechezea mita asituletee madai. Mkaguzi atakuja, na Kamati haitamtetea.

Kwa maji, bili ina usomaji wa zamani na usomaji mpya. Tofauti yake mara bei ndiyo deni lako. Toka nje uangalie mita. Kama namba ya bili imeipita namba iliyo kwenye mita, umebambikiwa. Piga picha siku hiyohiyo. Waziri wa Maji Jumaa Aweso amekemea mara nyingi bili za kubambika na kutaka mita isomwe mteja akiwepo. Basi uwepo, au mwachie mtu.

*TATU: NJIA YA KUDAI*

1. Andika barua kwa mtoa huduma mwenyewe: TANESCO wilaya, au mamlaka ya maji. Miradi ya maji ya vijijini, anza na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kisha RUWASA wilaya. Taja namba ya mita, tarehe, kiasi na unachotaka: kurejeshewa uniti, kufutiwa deni au kubadilishiwa mita. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.
2. Kwa umeme na maji ya mjini, usipojibiwa au usiporidhika, peleka lalamiko EWURA, Kanda ya Magharibi. Hakuna ada ya kulalamika. Kama hujui kuandika lalamiko, EWURA CCC, yaani Baraza la Ushauri la Watumiaji, kazi yake ni kumsaidia mtumiaji.
3. Usiporidhika na uamuzi wa EWURA, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani. Huko kuna muda maalumu, kwa hiyo usilalie barua.

Ndugu wanachama, hasara ya 1,500 au 3,000 inaonekana ndogo, na nauli ya kwenda wilayani inaweza kuizidi. Ndiyo sababu wengi wananyamaza. Lakini 3,000 kwa miezi 12 ni 36,000, na kwa mkulima wa maharage hiyo ni mbegu ya msimu. Tupeleke barua kwa mafungu: wenye tatizo linalofanana waandike kila mmoja yake, mmoja azipeleke zote, nauli ichangwe.

Kuanzia Jumamosi hii ofisi ya tawi iko wazi saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Njoo na stakabadhi au ujumbe wa LUKU wa miezi mitatu, na daftari. Msifute ujumbe wa LUKU kwenye simu. Huo ndio ushahidi wenu. Tutahesabu pamoja na kuandika barua bure. Asiye na kadi ya Chama naye aje, maana mita haiulizi kadi. Anayetoza fedha kwa jina la tawi, tupeni taarifa, tutampeleka polisi.

Hatuwaahidi fidia. Tunaahidi kwamba kila barua itakayoandikwa hapa itaingia kwenye rejista, na kila mkutano wa tawi tutasoma ngapi zimejibiwa na ngapi bado.

Mfikishieni na jirani.

*Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati*