Kesi Ikishindwa, Gharama Nazo Zina Hesabu Yake

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Roret)



Halmashauri imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya ile kesi ya miche ya chai, kwa sababu fedha za chama zilitumika ndani yake, na kwa sababu yamesemwa mengi sokoni yasiyopatana na yaliyoandikwa katika daftari letu. Mwanachama mwenyewe ameturuhusu kusimulia. Jina lake hatulitaji, wala la yule aliyeshindana naye.

Mwenzetu alikuwa na kitalu. Aliuza miche 4,300 kwa shilingi 20 kila mmoja, jumla shilingi 86,000. Miche ilipakiwa katika lori jioni, mvua ikinyesha, na hakuna aliyeandika hati ya kupokea. Mnunuzi hakulipa, alipoulizwa alisema kwamba aliyopokea ilikuwa michache, na hiyo nayo ilikufa njiani. Mwenzetu akaenda katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo yatokana na sheria ya mwaka 2016, nayo ilianza kazi mwaka 2021. Yasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na uamuzi yapasa utolewe katika muda wa siku 60 tangu dai lilipoandikishwa. Ni mahakama njema kwa watu wa hali yetu. Lakini mwenzetu hakuwa na karatasi, na shahidi wake hakufika. Dai likatupwa.

Mpaka hapo hasara yake ilikuwa ni miche. Kosa kubwa lilifuata. Kwa hasira, wala bila kumwuliza mtu, alikata rufani katika Mahakama Kuu. Sasa, sheria ya madai madogo yaruhusu rufani kwa jambo la sheria tu. Rufani ya mwenzetu ilisema kwamba mwamuzi alipaswa kumwamini yeye kuliko mnunuzi. Hilo si jambo la sheria. Ni jambo la ushahidi, na mlango wake ulikuwa umekwisha kufungwa. Rufani ikatupwa pamoja na gharama, na baada ya muda ikaja hesabu ya wakili wa upande wa pili: shilingi 143,000. Dai lenyewe, mtakumbuka, lilikuwa 86,000.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu sisi. Hesabu ile, pamoja na hati ya kuitwa mahakamani, ilikaa siku tisa katika duka moja hapa sokoni chini ya kopo la sukari, kwa sababu aliyeipokea alidhani ni habari za kodi. Ilipotufikia, zilikuwa zimebaki siku nne. Mwenzetu alikuwa amekwisha kutafuta mtu wa kumkodisha majani yake ya chai kwa miaka mitatu ili apate fedha za kulipa, maana aliogopa dalali asije akachukua ng'ombe. Alikuwa ameamini, kama wengi wetu tulivyoamini, kwamba mtu akiisha kushindwa hana tena neno la kusema, na kwamba tarakimu zilizopigwa chapa na wakili ni hukumu.

Si hukumu. Hilo ndilo tulilojifunza katika siku nne zile, nasi twaomba mlisikilize.

Ni kweli kwamba Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 27, yasema gharama hufuata matokeo ya kesi, isipokuwa mahakama ikiona sababu njema ya kuamuru vingine. Maneno hayo, “sababu njema”, yalikuwa na nafasi yake, lakini nafasi ile ilikuwa mbele ya jaji kabla ya kutoa hukumu. Pale mwenzetu angaliweza kuomba kila mtu abebe mzigo wake. Alinyamaza, nayo nafasi ikapita. Anayekwenda kupinga hesabu haruhusiwi kuifufua kesi, wala kusema kwamba hakustahili kushindwa. Ataulizwa jambo moja tu: je, kiasi hiki ni cha haki?

Na kiasi kina kanuni zake. Mawakili hulipwa kwa Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 1962, ambayo imerekebishwa mara kadhaa, na marekebisho makubwa yalikuwa ya mwaka 2014. Katika Mahakama Kuu hesabu hupelekwa kwa Naibu Msajili, naye huipitia mstari kwa mstari. Tuliiandika hesabu ile upya katika karatasi yetu kubwa, kila kifungu na kiasi chake, na mbele yake neno letu.

Ada ya kuipokea kesi: shilingi 75,000. Tulijibu kwamba thamani ya jambo hutazamwa katika madai yaliyoandikwa, au hukumu, au mapatano, kama Mahakama ya Rufani ilivyoamua mwaka 2002 katika kesi ya Joreth na Kigano; nayo madai yetu yalikuwa 86,000. Rufani ilisikilizwa asubuhi moja, wala haikuwa na fumbo lolote.

Ada ya matayarisho: shilingi 25,000, yaani theluthi kamili ya ile ya kwanza. Hapa ndipo kijana mmoja wetu, anayesoma sheria, alipotufaa kuliko sote. Alituonyesha kwamba katika rufani ada hii haipatikani mpaka mahakama, wakati wa kuisikiliza, ithibitishe kwamba kazi ilikuwa kubwa au ngumu kiasi cha kuistahili. Tukasoma hukumu mara tatu. Uthibitisho haukuwamo.

Mahudhurio matano, shilingi 15,000; kumbukumbu za mahakama zilionyesha matatu. Nakala, shilingi 6,000. Safari na malazi, shilingi 22,000, bila risiti hata moja, nasi tuliomba risiti zitolewe, maana ofisa yule ana haki ya kuzitaka.

Kulikuwa na wazee waliotaka tuseme zaidi, kwamba wakili ni mwizi. Hatukukubali. Kesi mashuhuri ya Premchand Raichand na Quarry Services, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki na kuandikwa katika taarifa za mwaka 1972, yasema pande zote mbili: gharama zisipande hata mahakama zikawa za matajiri peke yao, lakini aliyeshinda naye arudishiwe kwa haki alichotumia, na malipo ya mawakili yawe ya kutosha kuwavuta watu kuingia katika kazi hiyo. Mtu aliyeburutwa katika rufani isiyo na msingi ametumia fedha zake. Mzee mmoja alitukumbusha kwamba katika mahakama za Waafrika, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1951, wakili hakuruhusiwa kusimama, na kwa hiyo hesabu za namna hii hazikujulikana. Ni kweli. Lakini mahakama zile ziliondolewa kwa sheria ya mwaka 1967, nasi hatuwezi kuishi ndani yake.

Tulikwenda Kericho watu watatu kwa matatu ya alfajiri. Mwenzetu alisema mwenyewe, kwa Kiswahili, akisoma katika karatasi yetu. Baada ya wiki mbili uamuzi ulitolewa: ada ya kwanza 40,000, matayarisho yakafutwa, mahudhurio 9,000, nakala 3,000, safari 6,000. Jumla shilingi 58,000. Na kwa kuwa kilichokatwa kilizidi sehemu moja ya sita ya hesabu, Naibu Msajili, kwa hiari aliyopewa na Amri, alimnyima wakili gharama za siku ile ya kuipitia.

Wengine waliona hata 40,000 ni nyingi, wakataka tuendelee mbele ya jaji. Njia ipo: ndani ya siku 14 mtu huandika vifungu anavyovipinga na kuomba sababu, akiisha kuzipokea, ana siku 14 nyingine za kupeleka maombi. Lakini tangu kesi ya Arthur na Nyeri Electricity ya mwaka 1961, majaji husahihisha kosa la kanuni. Kiasi peke yake hawakigusi ila kwa nadra. Kosa la kanuni hatukuliona. Tena mwenzetu alikuwa amekwisha kuionja rufani isiyo na mguu. Tukasimama hapo.

Fedha za chama zilizotumika ni nauli, nakala za hukumu na chakula cha mchana, jumla shilingi 4,650. Risiti zimo katika faili. Kadhalika halmashauri ilimkopesha mwenzetu shilingi 30,000 bila riba, na zilizosalia alizipata kwa kuuza fahali mmoja, kwa bei ya soko wala si kwa mnada wa dalali. Majani yake hayakukodishwa. Amekwisha kurudisha awamu mbili za mkopo, na ya tatu ameahidi kuileta bonasi itakapolipwa.