Mwigizaji Aliyenyang'anywa Watazamaji



Mwandishi akipigwa marufuku bado ana kalamu yake, na anaweza kuandika akaficha. Mwigizaji hana cha kuficha. Kazi yake haipo mpaka awepo wa kuitazama. Kwa hiyo jioni hii nitamzungumzia Vlasta Chramostová, aliyezaliwa Brno, Chekoslovakia, mwaka 1926.

Kwa takriban miaka 20 alikuwa nguzo ya ukumbi wa Vinohrady jijini Praha. Wapenzi wa filamu wanamkumbuka kama Lakmé, mke anayenyongwa na mumewe katika Spalovač mrtvol ya Juraj Herz. Kisha vikaja vifaru vya Wasovieti vya Agosti 1968. Chramostová hakukubali kuunyamazia uvamizi ule. Alihamia Divadlo za branou, kundi la Otomar Krejča, nalo likafungwa mwaka 1972. Baada ya hapo redio, televisheni na studio za filamu zilimpa kisogo.

Mwaka 1976 akaanza kuigiza sebuleni kwake. Na mwaka 1978 ikaja Macbeth, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa tafsiri ya S. S. Mushi. Pavel Kohout, mwandishi aliyepigwa marufuku kama yeye, aliifupisha ikabaki saa moja na ushei. Waigizaji walikuwa watano, na vifaa vyote vilitosha katika sanduku moja la safari, ili mchezo uweze kuhamishwa nyumba hadi nyumba. Pavel Landovský alikuwa Macbeth, Chramostová akawa mkewe. Hapakuwa na pazia wala tiketi. Waliokuja walikuja kwa mwaliko, wakijua kwamba polisi wa siri wanawaangalia.

Sasa tazameni uzito wa uchaguzi huo. Macbeth wa Shakespeare humwambia mkewe kwamba hakuna nyumba ya mkubwa yeyote ambamo hana mtumishi anayemlipa ampelekee habari. Wananchi wa Praha hawakuhitaji ufafanuzi wa jambo hilo. Na Chramostová mwenyewe aliujua utumishi huo kwa ndani: miaka ya 1950 aliwahi kuwapa polisi wa siri taarifa, jambo ambalo baadaye aliliandika waziwazi katika kumbukumbu zake. Wapo wanaoona kwamba hilo linaitia doa sebule ile. Mimi naona kinyume. Aliyekwisha kuonja woga kiasi hicho, kisha akawafungulia watu mlango wa nyumba yake, namheshimu zaidi ya yule ambaye hakujaribiwa kamwe.

Mumewe, mpigapicha Stanislav Milota, aliurekodi mchezo ule. Habari za mchezo huo zilimfikia mwandishi wa tamthilia Tom Stoppard huko Uingereza, akaandika Cahoot's Macbeth mwaka 1979. Mwaka huohuo Landovský alikuwa uhamishoni Austria.

Chramostová alikuwa pia miongoni mwa waliotia saini Mkataba wa 77, uliodai haki za binadamu. Tarehe 28 Januari 1977 waigizaji wenzake walikusanywa katika Ukumbi wa Taifa wa Praha kuwalaani watu wa mkataba huo. Wengi walikuja kwa kuhofia kazi zao, nami siwezi kuwahukumu kwa wepesi. Utawala wa kikomunisti ulipoanguka mwaka 1989, Chramostová alikuwa na miaka 63. Ukumbi huohuo ulimwajiri, akaigiza humo kwa miaka mingi.